Shati Lililoungua Hewani

Sehemu ya Tisa

Pasi ilikuwa bado juu ya shati, na shati lilikuwa bado linatoa moshi. Hapo ndipo nafasi ya gazeti ilipotuishia Jumamosi iliyopita, na barua mlizotuletea zinaonyesha kwamba baadhi yenu hamkupata usingizi. Poleni. Bi Saa naye hakuwa na raha.

Kwa aliyejiunga nasi leo: Bi Saa ni karani wa duka la televisheni, na duka hilo ndilo lenye kituo pekee cha televisheni mjini. Mwenye duka, ambaye mji mzima unamwita Mzee Antena, alikuwa na stoo iliyojaa televisheni na wateja waliokuwa na swali moja: nikishainunua, nitatazama nini? Akauza gari lake, akasimamisha mnara juu ya paa, akaelekeza kamera kwenye saa ya ukutani, na karani wake akakaa kando ya saa hiyo kuwatajia watu wakati. Wiki ile stoo ilibaki nusu. Ndivyo kituo kilivyozaliwa, na ndivyo karani alivyopata jina.

Miaka minne baadaye kituo kilikuwa na vipindi sita na mdhamini mmoja. Mdhamini huyo ni mwenye kiwanda cha pasi za umeme, Bwana Pasi, mtu mrefu asiyecheka. Kila siku saa nne kamili asubuhi, Bi Saa alipiga pasi shati jeupe mbele ya kamera kwa dakika mbili. Mashine ya kurekodi hawakuwa nayo, kwa hiyo kilichotokea kilionekana kilivyotokea.

Na siku hiyo ya Ijumaa, siku ambayo Bwana Pasi alikuja kujionea mwenyewe, akapewa kiti hatua tano kutoka kwenye kamera, shati likaungua.

Fundi mitambo akainua kidole kimoja nyuma ya kamera. Ilikuwa imebaki dakika moja.

Bi Saa akaiondoa pasi. Pale ilipokuwa pakabaki tundu lenye umbo la pasi, ncha yake na kila kitu. Akalishika shati mabegani, akalinyanyua alitazame, na kwa kitambo kidogo mji mzima ukamwona usoni kupitia mgongo wa shati. Hilo hakulikusudia.

"Pasi hii inapata moto," alisema.

Bwana Pasi akakunja nne.

"Nilianza kupiga pasi nikiwa na miaka tisa," aliendelea Bi Saa, kwa sauti ile ile anayotajia saa. "Pasi nyingi nilizotumia, ungeweza kuziegemea. Hii huwezi. Nilikuwa naongea na ninyi badala ya kutazama kazi, nayo haikunisubiri. Ukiinunua, usiongee na mtu."

Zikawa zimebaki sekunde ishirini. Akazitumia kulikunja shati, mikono ndani, kola juu, kama vile ni zima. Kisha akataja saa.

Nyuma ya pazia alikuwa amesimama kaka yake, amevaa fulana ya ndani tu. Shati lilikuwa lake. Alikuwa amelivua nusu saa kabla, alipomaliza kipindi chake, kwa sababu kituo hakikuwa na shati jingine jeupe na shule anayofundisha inaanza mchana. Alilipokea, akapenyeza mkono katika tundu, akautoa.

"Si neno," alisema. "Nitavaa koti."

Ilikuwa siku ya joto kali.

Bwana Pasi alisimama, akafunga vifungo vyake, akatoka bila kumuaga mtu. Walivisikiliza viatu vyake kwenye ngazi za kuteremkia dukani mpaka mlango wa duka ukajifunga. Fundi akarudisha kamera kwenye saa ya ukutani, kama alivyofanya kila walipokosa cha kuonyesha.

Mzee Antena hakupandisha sauti. Kwa miaka kumi na moja Bi Saa hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. Hata siku aliyoanguka kutoka mnarani, alianguka kimya. Alimwita ofisini, akamwagiza achape barua ya kuomba radhi. Bi Saa akachapa, kwa maana aliyeunguza na karani wa kuomba radhi walikuwa mtu mmoja. Aliandika kwamba wanasikitika pasi yake kuunguza shati. Mzee alisoma, akasema aondoe pasi. Akaondoa. Ikabaki kwamba shati liliungua, bila mkosaji. Mzee akasema hapo sasa imekaa vizuri.

Kisha akamwambia jambo ambalo Bi Saa alikuwa akiliogopa tangu moshi wa kwanza. Bwana Pasi akiondoka, alisema, asubuhi haitakuwa na mwenyewe, na kitu cha kwanza kukatwa kitakuwa darasa la kaka yake.

Darasa hilo lilianza saa tatu kamili, nusu saa, Jumatatu hadi Ijumaa. Kaka alisimama mbele ya ubao mweusi uliokuwa mlango wa stoo, akawafundisha kusoma watu wazima ambao hawakuwahi kusoma. Hakulipwa, na hakuna aliyelidhamini. Lilipata nafasi kwa sababu pasi ilikuwa inakuja baada yake na Bwana Pasi hakuwa amelikataza. Ni nani waliolitazama, hakuna aliyejua kwa hakika. Watu wasiojua kusoma hawaandiki barua kwa kituo.

Saa nane mchana, viatu vikasikika tena kwenye ngazi.

Bwana Pasi aliingia, akaikuta barua mezani, akaisoma akiwa wima, akaikunja na kuitia mfukoni. Mzee Antena alianza kusema kwamba katika miaka yote ya kituo hicho haijawahi kutokea. Bwana Pasi akainua mkono.

Akaeleza, bila haraka na bila furaha yoyote usoni, kwamba kwa miaka miwili watu wamekuwa wakirudisha pasi zake madukani wakidai hazipati moto. Alitengeneza mpya zenye moto wa kutosha. Alitangaza. Hakuna aliyeamini. Leo saa nne na robo, duka la kwanza lilimpigia simu kwamba pasi zimekwisha. Saa sita hakukuwa na duka hata moja lililobaki na pasi. Wanawake walikuwa wanaingia na kuomba ile iliyotoboa shati.

"Kwa hiyo tumesamehewa," alisema Mzee Antena.

"Nataka liungue kila siku," alisema Bwana Pasi.

Mashati ataleta yeye. Alikuwa na rafiki mwenye kiwanda cha nguo ambaye mashati yake mengine hutoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alichoomba ni tundu liwe katikati ya mgongo, na umbo la pasi lionekane vizuri.

Bi Saa aliuliza kama siku moja moja anaweza kulinyoosha vizuri tu, ili watu waone kwamba hilo nalo linawezekana.

"Kunyoosha shati kila mtu anaweza," alijibu.

Mngedhani hapo mambo yamenyooka. Mdhamini amebaki, asubuhi imepona, darasa limepona. Bi Saa naye alidhani hivyo, kwa muda wa kama nusu dakika. Halafu Bwana Pasi akaongeza kwamba dakika mbili hazitoshi tena. Alitaka asubuhi yote kabla ya saa nne iwe kipindi kimoja cha mambo ya nyumbani, kuanzia saa tatu, kianze Jumatatu.

Mzee Antena alikubali kabla sentensi haijafika mwisho.

Yaani, msomaji, shati lingemfukuza Bwana Pasi, darasa lingekufa. Shati lilimfurahisha Bwana Pasi, darasa likafa. Bi Saa alirudi kwenye mashine yake ya kuchapa, akaweka karatasi, akaichomoa tupu.

Alifika nyumbani saa kumi na moja, jua likiwa bado liko juu. Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili. Kaka na mkewe walikaa mtaa wa pili. Alimkuta mama amekaa kizingitini, ameshika karatasi iliyofungiwa pasi mpya ya jirani, kidole chini ya mstari, midomo inacheza. Aliposikia hatua, akaigeuza haraka akaanza kujipepea nayo.

Bi Saa alisimama. Mama yake hakujua kusoma. Hilo lilikuwa jambo linalojulikana, kama vile kimo chake.

"Mama, unafanya nini?"

"Joto."

"Ulikuwa unasoma."

Mama akajipepea mara nyingine mbili, kisha akaacha. Akasema kwamba jirani yule ambaye mama husema kila siku kwamba anaumwa, yule anayekwenda kumjulia hali kila asubuhi, haumwi wala hajawahi kuumwa. Ana televisheni.

Miezi saba mama yake alikuwa akikaa mbele ya ubao wa mwanawe wa kumzaa, na daftari magotini, bila kumwambia yeyote. Alisema aliona aibu. Mtu mwenye mtoto mwalimu, halafu hajui kuandika jina lake, angeanzia wapi kumwambia? Kwenye televisheni ilikuwa rahisi. Mwalimu alimtazama, lakini hakumwona.

Bi Saa alikaa kizingitini kando yake.

Mama akaingia ndani, akatoka na bahasha zilizofungwa kwa uzi. Zilikuwa barua za baba, alizoandika alipokuwa mbali kujenga barabara, kabla hajafia huko huko. Bi Saa alizifahamu. Alikuwa mdogo sana zilipokuja, na watu wengine ndio waliomsomea mama.

"Barua hii," alisema mama, akichomoa moja, "nilimpa mtu wa posta akanisomea, ikawa fupi. Nikampa mke wa fundi cherehani, ikawa ndefu. Nikampa kaka yako alipoanza kusoma, akafika katikati akasema amechoka. Hakuwa amechoka. Nataka kujua kuna nini katikati."

"Nipe nikusomee."

"Sitaki kusomewa tena."

Alisema kwa upole, na akairudisha barua kwenye bahasha. Alikuwa ameshafika mstari wa sita peke yake. Kilichomkwamisha ni neno moja. Akaeleza kwamba kuna ng ya ngoma na kuna ng' ya ng'ombe, yenye kikoma kichwani. Ile ya ngoma mwalimu amewafundisha leo. Ya ng'ombe amewaahidi Jumatatu.

Bi Saa alitazama barabara. Hakumwambia kwamba Jumatatu hakuna darasa. Mama akamtaka aape kwamba hatamwambia kaka yake. Akaapa.

Jumamosi alikwenda kwa kaka, kwa sababu Mzee Antena alimwachia yeye kazi ya kupeleka habari. Alimkuta anasahihisha madaftari ya shule, koti limetundikwa nyuma ya mlango. Alimwambia kwamba darasa limekatwa. Kaka alimaliza daftari alilokuwa nalo, akaandika alama, akafunika kalamu. Aliuliza ni nani aliyekata, akajibiwa. Aliuliza kama walau atapewa siku moja ya kuwaaga wanafunzi wake. Bi Saa akasema alishaomba, ikakataliwa.

"Sawa," alisema kaka, na akavuta daftari jingine. Bi Saa aliona kwamba lilikuwa lile lile alilomaliza.

Jumatatu saa mbili na nusu alijaribu mara ya mwisho. Alimfuata Mzee Antena dukani, alikokuwa anafuta vumbi kwenye vioo vya televisheni, akamwomba robo saa tu, siku moja tu, herufi moja tu. Mzee hakukasirika. Alimweleza kwamba mtambo unakula umeme, umeme unalipiwa na pasi, na herufi tangu zianze kufundishwa hapo hazijaleta hata taa ya chumba. Akasema pia kwamba yeye si mtu mbaya. Bi Saa alijua hilo. Ndiye aliyemwajiri wakati ofisi nyingine zote ziliposema anachapa polepole.

"Utawatangazia kwamba darasa limesimama," alisema Mzee. "Kwa heshima. Na usiseme zaidi ya hapo."

Saa tatu kamili Bi Saa alikaa mbele ya kamera. Mezani palikuwa na pasi, shati lenye mkono mmoja mrefu, na chombo cha maua alicholeta Bwana Pasi kuonyesha kwamba ni nyumbani. Bwana Pasi mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake. Fundi akapunga mkono.

"Ni saa tatu," alisema Bi Saa. "Saa hizi huwa mnamwona mwalimu. Nimeagizwa niwatangazie kwamba darasa la kusoma limesimama, nami nimewatangazia. Sikuagizwa kuwaambia sababu, kwa hiyo sitawaambia. Wenye madaftari wanaotaka kuijua, duka liko wazi mpaka saa kumi na moja jioni. Ngazi ziko upande wa kushoto."

Akageukia maua, akaanza kipindi.

Huko chini, Mzee Antena alikuwa amesimama mbele ya televisheni tisa, akamwona karani wake mara tisa. Hakupanda juu. Pengine alihesabu kwamba watu wasiojua kusoma watakuwa wachache.

Wa kwanza aliingia saa tatu na dakika ishirini. Alikuwa mlinzi aliyetoka zamu, bado na kofia yake, daftari limekunjwa kwenye mfuko wa nyuma. Mzee alimkaribisha kama anavyowakaribisha wateja wote, akamwuliza anatafuta ya ukubwa gani.

"Nimefuata ng'," alisema mlinzi.

Mzee akasema hawana. Mlinzi akasema atasubiri.

Wakafuata wanawake wawili, mmoja na unga mikononi. Akafuata fundi viatu. Akafuata muuguzi wa wodi ya wanaume, ambaye alisema amepewa dakika thelathini, na kwamba ametumwa na vitanda kumi na viwili. Walisimama katikati ya televisheni, kwa adabu, wakakataa viti, hawakununua kitu wala hawakugusa kitu. Kila aliyeulizwa shida yake alijibu kwamba alibakiza ng'. Saa nne duka lilijaa. Wengine wakasimama nje barabarani, na malori yakaanza kupiga honi.

Juu, saa nne kamili, Bi Saa aliunguza shati. Aliliunguza vizuri kuliko Ijumaa: katikati ya mgongo, umbo kamili. Bwana Pasi alichungulia dirishani, akaona watu, akasema matangazo yanafanya kazi. Hakuna aliyemsahihisha.

Kaka alikuja saa nne na robo. Mlinzi wa shule anayofundisha alikuwa amemfuata nyumbani kumwambia kuna watu wanamtafuta dukani. Alipofika mlangoni walimtambua wote kwa pamoja, na kwa sababu walizoea kumwona akiwa mdogo wa kutosha kuingia kwenye kioo, walimpisha kwa mshangao kidogo. Alipita katikati yao akisalimia. Katikati ya duka akasimama.

Mama yake alikuwa pale, kati ya muuguzi na mwanamke mwenye unga, daftari kifuani.

Bi Saa, aliyekuwa ameteremka nusu ya ngazi, aliona yote. Aliona mama akiinamisha kichwa kama mtoto aliyechelewa shule.

Kaka akanyoosha mkono. Mama akampa daftari. Akalifungua ukurasa wa kwanza, akaenda wa pili, akaenda mpaka wa mwisho, bila haraka, ilhali watu arobaini wanangoja.

"Hii umeiandika kinyume," alisema hatimaye, akionyesha kwa kidole. "Tumbo linaangalia huku."

"Ndiyo, mwalimu," alisema mama.

Akatoa kalamu, akaigeuza herufi, na kaka akamshikia daftari lisitikisike.

Hapo ndipo alipoingia mtu mfupi mwenye faili. Alijitambulisha kwamba ni afisa wa leseni. Akasema kwamba tangu saa tatu na nusu amepigiwa simu na watu wanne wakimwuliza ni nani mwenye mamlaka ya kuzuia herufi. Akafungua faili la kituo kutafuta jibu, na ndani ya faili akakuta jambo jingine. Aliomba kuuona mtambo.

Walipanda juu: afisa, Mzee Antena, kaka, Bi Saa. Fundi alikuwa kwenye kamera. Bwana Pasi hakuondoka kwenye kiti. Afisa akaweka faili mezani, kando ya maua, akatoa karatasi iliyochakaa.

Kibali cha Mzee Antena, alisema, kilikuwa cha kujaribia televisheni kabla ya kuziuza. Kilikuwa cha miezi mitatu. Kilitaka picha zisivuke kuta za duka.

"Zilivuka kidogo," alisema Mzee.

"Zimevuka mji, na sasa ni miaka minne."

Mzee aliuliza kwa nini basi ofisi yake haikuwahi kusema kitu. Afisa akarekebisha tai. Akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitazama.

Kisha akatoa karatasi ya pili, mpya, yenye mhuri. Ilikuwa maombi ya chaneli hiyo hiyo, yaliyoletwa ofisini miezi mitano iliyopita na umoja wa walimu na wazazi. Waliomba kituo kiwe cha umma, kisiwe na mwenye duka wala mwenye pasi. Kwa kuwa kibali cha kwanza kimekufa zamani, maombi hayo ndiyo yanayofuata kwenye foleni, na yeye leo ameyakubali. Kilichobaki ni sahihi ya msimamizi. Hawezi kuiacha hewa bila mwenyewe hata saa moja: ama msimamizi asaini sasa hivi, ama mtambo uzimwe.

"Msimamizi ni nani?" aliuliza Mzee Antena.

Afisa akalisoma jina, jina kamili la kwenye cheti, ambalo hapo kituoni hakuna aliyekuwa akilitumia. Ilimchukua Bi Saa kitambo kutambua kwamba ni lake.

Akamgeukia kaka yake.

"Tulipoandika jina lako sikukwambia, kwa sababu ungekataa," alisema kaka.

"Miezi mitano," alisema Bi Saa.

"Ungemfikiria yeye kwanza. Nakujua, dada."

Mzee Antena alikuwa anamtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alimwuliza kama alijua. Bi Saa akasema hakujua. Mzee akasema anamwamini. Akasema pia kwamba karatasi ni ya serikali, lakini mnara ni wake, kamera ni yake, ule mlango mweusi ni mlango wa stoo yake, na alipanda juu ya paa lile kwa miguu yake mwenyewe wakati wote hawa wanamcheka. Kama hewa si yake, wachukue hewa. Afisa akakubali kwamba sheria haisemi lolote kuhusu minara.

Bi Saa alikuwa ameshaishika kalamu ya afisa, hata hajui aliipokea saa ngapi. Ndipo alipogundua kwamba duka lote la chini liko kimya. Watu arobaini, na malori barabarani, na hakuna honi.

Fundi akakohoa.

"Mzee," alisema, "mko hewani. Tangu mlipopanda."

Alieleza kwamba hakuna aliyemwambia arudishe kamera kwenye saa ya ukutani, naye aliona kilichopo mezani kinatazamika zaidi. Kipaza sauti pia kilikuwa wazi. Bwana Pasi akanyanyuka kwenye kiti, akajitazama, akakaa.

Mzee Antena alisimama wima mbele ya mji mzima, kwa mara ya kwanza katika kituo chake mwenyewe. Akavuta shati lake likae sawa. Akasema, bila kupandisha sauti:

"Fundi. Zima mtambo."

Fundi akaweka mkono kwenye swichi kubwa. Alikuwa amefanya kazi na Mzee Antena miaka kumi na minne na hakuwahi kuagizwa kitu mara mbili. Mkono ukabaki pale pale. Halafu akageuza kichwa, si kwa Mzee, bali kwa yule mwanamke aliyeshika kalamu.

"Nizime?" alimwuliza.